Sukari ya Mwenyeji

Edmonton, London
Mwisho wa mwezi wa tisa

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo Mama. Hiyo shikamoo nimeiandika nikiwa nimesimama, ndipo nikakaa, kwa sababu nakujua, ungeisoma tu ungetambua kama nimeitoa nikiwa nimejilaza kitandani. Goti linasemaje? Na kile kikohozi cha asubuhi ambacho siku zote unasema si kikohozi, kimekwisha au bado si kikohozi? Naomba pia habari za yule jogoo mkorofi, kama bado anafukuza wageni au mmekwisha kumla. Mimi ni mzima. Nakula, nalala, nakwenda kazini, na lile koti la kijivu ulilosema kwenye picha kwamba linanifanya nifanane na askari, ndilo linaloniokoa, maana baridi ya huku imeshaanza kupiga hodi.

Barua yako ilifika mwezi wa saba na nimekawia kuijibu. Ningeweza kusingizia kazi, lakini kazi haijawahi kunizuia kukuandikia. Kilichonizuia ni lile swali. Uliandika: "Ukiugua huko, nani atakuletea uji? Kama yupo hata mmoja, nitanyamaza. Kama hayupo, Desemba njoo, na ukija usirudi. Chumba chako cha nyuma nimekwisha kukipaka chokaa." Tena uliandika kwa ile kalamu nyekundu ya kanisani, kana kwamba mimi ni mwanafunzi aliyefeli.

Ningekujibu siku ileile, jibu lingekuwa neno moja. Hayupo.

Mama, tangu Mama Furaha ahamishwe sijakaa sawa. Unamkumbuka, yule Mkongo wa Bukavu niliyekuwa nikikuandikia vituko vyake. Alikuwa anakaa mtaa wa pili kutoka kwangu, na hakuwahi kuja kwa miadi hata siku moja. Ungemsikia yuko barabarani anaita, "Weye dada, uko?" na mtaa mzima wa watu wasioita wenzao unachungulia dirishani. Halmashauri ikampa nyumba Leeds, mji wa mbali, yeye na watoto wake, akaondoka analia na magodoro juu ya gari. Tangu siku hiyo jina langu huitwa kazini tu.

Mwezi wa sita niliugua. Sikukwambia, sasa nakwambia. Ilikuwa homa ya mafua, si kitu cha kukutisha, lakini ilinilaza kitandani siku kadhaa, nikawa nakunywa maji ya bomba kwa sababu ngazi za kwenda jikoni zilikuwa ndefu. Kazi yangu, Mama, ni kuwapelekea wazee wa watu uji asubuhi, kwenye ile nyumba ya wazee. Nawalisha kwa kijiko na kuwafuta midomo. Wangu nikaukosa. Chini yangu anakaa Mreno mmoja, mzee wa makamo, ambaye kwa miaka mitatu tumekuwa tukisalimiana kwenye ngazi kwa neno moja la asubuhi na jingine la jioni. Nilipokohoa sana aliongeza sauti ya redio.

Siku moja ndani ya ugonjwa huo nikasikia mlango unabishwa. Nikainuka, nikajifunga khanga, nikashuka nimeshika ukuta. Alikuwa msoma mita ya gesi. Nikafurahi mno, Mama, utanicheka. Nikamvutia kiti, nikamuuliza kama anakunywa chai. Akaniangalia, akasema ana nyumba nyingi za kupitia, akasoma mita yake, akaenda zake. Nikarudi kitandani na kile kiti nikakiacha palepale, na kila nilipokipita nikawa nakionea haya.

Nimekulia nyumba ambayo kabati lake halikuwahi kuwa na vyombo vyetu vyote. Bakuli letu la maua lilikuwa kwa Mama Anaeli, sufuria ya Mama Anaeli ilikuwa kwetu, ungo wa shangazi ulikuwa haujulikani uko kwa nani, na hakuna kilichorudi kitupu. Kikirudi na ndizi, kinaondoka na maharage. Hapa kabatini nina sahani nne na vikombe vinne, na vyote ni vyangu. Ndiyo maana barua yako ilikaa mezani.

Sasa nikusimulie kilichotokea, kwa sababu kimetokea kitu, na wewe ndiye utakayeamua kina uzito gani.

Kanisani huwa nakaa benchi moja na bibi mmoja wa Kiingereza, mfupi, nywele nyeupe kama pamba, mikono mikubwa ya mtu aliyefua sana. Anaitwa Maureen. Mimi siwezi kumwita mtu mzima jina tupu, kwa hiyo nikamwita Mama Maureen. Akanitazama kwa mshangao, akaniambia watoto wake ni wavulana wawili, wote wako Australia, na Maureen ni yeye mwenyewe. Nikamweleza kwamba ni heshima. Akasema sawa, lakini kila nikimwita hivyo anageuka kidogo kama anayemtafuta mtoto.

Huyo Maureen Jumapili moja baada ya ibada akaniambia, "Jumamosi tunakwenda kutembea shamba, watu kadhaa wa hapa kanisani. Kwa nini usije? Mwishoni kuna pai."

Hapo ndipo nilipoharibu. Kiingereza chao nakielewa, Mama, usidhani sielewi. Lakini kichwani nakigeuza Kiswahili kabla ya kukitumia, na yeye aliposema lile neno lao la kutembea, mimi nikasikia kutembea. Kwetu mtu akisema Jumamosi nakwenda kutembea, unamuuliza kwa nani. Shamba nalo nikalielewa kama tunavyolielewa wenyewe tuliotoka milimani kwenda mjini: kwao, nyumbani, kwa ndugu zake. Na pai mwishoni, basi hao ndugu wamepika. Nikajua nimealikwa nyumbani kwa watu.

Miaka mitatu nchi hii sijawahi kuingia nyumba ya Mwingereza ila kama mfanyakazi. Nilitoka kanisani nimelewa furaha. Nikasema hatimaye nitamwandikia Mama kwamba nimekwenda kutembea kwa watu, wamenikaribisha, nimekula kwao, na lile swali lake nitalijibu nikiwa nimekaa vizuri.

Nikajiandaa. Nilivaa kile kitenge cha kijani tulichoshona kwa harusi ya Kaka Godlisten, na kilemba chake, na viatu vyeusi vya kisigino kifupi nilivyovipiga rangi mpaka vikawaka. Nikanunua sukari kilo mbili na majani ya chai, nikavitia kwenye mfuko mzuri wa karatasi wenye maua. Nilikumbuka Mama Furaha alivyokuwa akinisuta nikitaka kwenda mahali bila kitu: "Unaingia ku nyumba ya batu na mikono bure? Weye uko mwizi?" Basi mimi si mwizi.

Kwenye basi nikakuta wenzangu wamevaa mabuti mazito, makoti ya mvua na soksi zilizopandishwa juu ya suruali, wengine wana fimbo. Nikawaonea huruma. Nilidhani wenyeji wetu wana kazi shambani na hawa wamejitolea kusaidia. Nikajuta sikubeba khanga ya kufunga kiunoni nami nikashika jembe kidogo. Maureen akaniangalia kuanzia kilemba hadi viatu, akasema nimependeza sana, kisha akauliza taratibu kama nina viatu vingine. Nikamwambia hivi ndivyo vizuri kuliko vyote nilivyo navyo.

Tulikwenda kaskazini, upande wa Leicester, mpaka jengo la mwisho likaisha ikabaki nyasi. Basi likatushusha kando ya barabara karibu na kanisa la mawe, pasipo na mtu wa kutupokea. Mzee mmoja mwenye upara, kiongozi wa safari, akafungua ramani. Hapo ningepaswa kushtuka, maana mtu anayekwenda kwa jamaa yake hatafuti njia kwenye ramani. Lakini nikajisemea labda wamehama.

Tukaanza kupita mashamba ya watu. Kila penye ua kuna kingazi kidogo cha mbao cha kuukwea, na mimi na kitenge changu kilichobana nikawa nakikwea upandeupande, mfuko wa sukari juu kichwani, wenzangu wananishika mikono na kunipongeza kama mtoto anayeanza kusimama. Tope likala viatu. Kondoo wakatutazama. Nchi ile ni nzuri, Mama, sitasema uongo, ni kijani hadi inachosha macho, na vilima vyake ni vipole kabisa, havikudai pumzi kama vyetu. Wenzangu walikwenda wawiliwawili wakizungumza. Mimi kwa sababu ya viatu nikawa wa mwisho, peke yangu, naufuata mgongo wa mtu.

Nikamuuliza Maureen alipopunguza mwendo kunisubiri, "Ni mbali bado?"

"Siyo sana," akasema. "Lakini si raha? Hakuna haraka."

Nikaitikia kwamba ni raha.

Kilichonishangaza ni kwamba tulipita kando ya nyua za watu bila kusalimu. Tulimpita mama mmoja anaanika nguo, hata pole ya kazi hakuna aliyempa. Nikampungia mkono mimi, naye akapunga akiwa na kibanio mdomoni. Nikajisemea hawa wenzangu wamelelewa vipi.

Kisha tukafika kwenye nyumba kubwa ya mawe, na njia ikaingia moja kwa moja uani mwake. Moshi unatoka bombani, mbwa anabweka, mabuti yamepangwa mlangoni. Moyo ukatulia. Nikasema tumefika. Nikasimama nyuma ya zizi, nikafuta viatu kwa majani, nikarekebisha kilemba, nikautoa mfuko wa sukari na kuushika kwa mikono miwili. Nilipoinua uso wenzangu walikuwa wanamalizikia kupita geti la upande wa pili. Nikadhani wanazunguka kuingilia mlango wa nyuma kama watu wa nyumbani. Mimi mgeni, nikaona adabu ni mlango wa mbele.

Nikabisha. Na kwa furaha ulimi ukanitoka, nikasema, "Hodi!"

Akafungua mwanamume wa makamo, ana soksi tu miguuni, kijiko mkononi. Alikuwa anakula. Nikamwinamia kidogo, nikamsalimu, nikamwambia kwa Kiingereza, "Tumefika. Poleni kwa kungoja." Nikamnyooshea mfuko.

Hakuupokea. Alinitazama, akautazama mfuko, akatazama uani nyuma yangu, na uani hapakuwa na mtu. "Umepotea?" akaniuliza, si kwa ukali.

"Hapana. Tumekuja kutembea."

"Ah," akasema, na uso wake ukafunguka, akafurahi kwamba ameelewa. Akatoka na soksi zake hadi kwenye mawe, akanionyesha kwa kijiko. "Njia ni ile pale, pita geti lile. Usijali, wengi hukosea hapa."

Akanitakia matembezi mema, akafunga mlango.

Mama, nilisimama pale mbele ya mlango wa mtu nimeshika sukari. Nilikuwa nimeelewa tayari, lakini mwili ulikataa kuondoka. Nilielewa kwamba hakuna aliyetungoja, na hakukuwa na nyumba tangu mwanzo. Watu wazima wamefunga safari kutoka London kwenda kutembea na hawaendi kwa mtu yeyote. Walitembea tu. Sijawahi kujisikia mpweke kiasi kile tangu nishuke ndege, hata nilipougua, kwa sababu nilipougua sikuwa nimevaa kitenge cha harusi.

Maureen alirudi kunitafuta. Alinikuta getini. Akauliza kama nilitaka choo. Nikamwambia hapana, nikamuuliza lile lililokuwa limenikaa rohoni, "Mama Maureen, tunakwenda kwa nani?"

"Kwa nani vipi?"

"Hapa. Leo. Mwenyeji wetu ni nani?"

Hakunielewa, kwa hiyo ikabidi nimweleze yote, pale kwenye tope, mbwa wa watu anatubwekea. Nikamweleza kutembea ni nini kwetu, kwamba mtu hutembea kwa mtu, na kwamba hii ni sukari ya mwenyeji. Alianza kucheka. Alicheka kwa kelele, mkono kifuani, nami nikacheka kidogo kumsaidia. Halafu akaacha ghafla. Akatazama viatu vyangu.

"Umeibeba njia yote hii," akasema.

"Si nzito."

Akafikiri. Pale kandoni palikuwa na ua mrefu wa miiba umejaa yale matunda madogo meusi, yanayofanana na yale tuliyokuwa tukichuma kando ya mfereji na kurudi na midomo ya zambarau ukatupiga. Akatoa kopo kwenye begi lake, akaanza kuchuma, nami nikachuma, maana mikono hiyo haijasahau. Lilipojaa akaufuta mkono kwenye suruali yake, akaunyoosha.

"Basi nipe mimi," akasema. "Jamu inataka sukari."

Nikampa kwa mikono miwili. Akautia begini na majani ya chai yake, tukawafuata wenzetu. Sikujua kama amepokea au amenihurumia tu.

Pai nayo nikusimulie, kwa sababu najua utauliza tulikula nini. Safari iliishia kijiji chenye duka la nyama, na hizo pai ndizo fahari ya sehemu ile, watu hutoka mbali kuzifuata. Ni kitimoto, Mama. Nguruwe aliyekatwakatwa, akatiwa chumvi na pilipili manga, akafungiwa ndani ya unga uliokandwa kwa mafuta yake mwenyewe, ukasimamishwa kuta na kufinywa ukingo juu, ukaokwa hadi ukawa kahawia. Kila mtu akapewa yake kwenye karatasi, na haradali ya kuchovea pembeni. Nikaigusa, baridi. Nikajua wamekosea. Nikairudisha kwa mama muuzaji nikamwomba kwa adabu aipashe moto.

Duka lote likageuka kunitazama. Mama wa watu akaniambia pole pole, kama anayezungumza na mgonjwa, kwamba pai hii huliwa baridi. Nikasema moyoni, kumbe siku yenyewe imekwisha hivi, hakuna mwenyeji, halafu mgeni anapewa kiporo.

Tulikaa nje kwenye ukuta mfupi tukala. Kwa mazoea nikaikata yangu vipande, nikaitandaza kwenye karatasi nikaizungusha, maana kitimoto gani hicho cha kula kila mtu na chake. Mmoja baada ya mwingine wakasema asante, ninayo yangu. Karatasi ikanirudia kama ilivyoondoka. Nikala.

Na sasa sikia. Kati ya nyama na ule unga kuna mchuzi ulioganda, laini, unatetemeka ukiutikisa. Nilipoutia mdomoni nikawa jikoni kwetu. Ile asubuhi ya baridi ya mwezi wa saba, supu ya miguu ya nguruwe imelala sufuriani ikaganda, na Baba anaamka kabla yetu sote anaikwangua kwa kijiko akidhani hatumsikii. Wewe ukimsema anasema alikuwa anaonja chumvi. Tangu tumzike sijawahi kuonja kitu kile, na sikutegemea kukikuta kwenye ukuta wa watu, upande wa Leicester, ndani ya pai baridi. Nikalia. Sikulia kwa adabu, nililia na kamasi.

Maureen akaniegemea akauliza kama haradali imenizidi ukali. Nikasema ndiyo. Akanipa leso yake, na kwenye vile nilivyokuwa nimekata akachukua kipande, ingawa yake ilikuwa haijaisha. Akakila chote.

Kwenye basi la kurudi alilala mdomo wazi hadi London. Mimi nilitazama dirishani. Nilifika nyumbani, nikaviweka viatu juu ya gazeti vikauke, nikaichukua barua yako nikaisoma tena. Usiku ule nilikuwa nimekata shauri, Mama. Jibu lilikuwa hayupo, na nilikuwa nakuja, na sirudi.

Sikuandika kwa sababu nilichoka. Kesho yake, Jumapili, sikuandika kwa sababu nilikuwa kazini. Jumapili iliyofuata nayo zamu yangu iliangukia saa za ibada, sikumwona Maureen. Sikumtafuta pia. Niliona haya.

Jana nimerudi kutoka kazini, nimepanda ngazi, mbele ya mlango wangu nikakuta chupa. Chupa ya kioo yenye jamu nyeusi, mfuniko umefungwa kitambaa cha miraba na uzi. Imebandikwa kikaratasi chenye jina langu, amelikosea herufi mbili, na chini yake anwani yake, na maneno haya: "Sukari yako."

Nilikuwa bado nimeishika pale kizani pa ngazi, mlango wa chini ukafunguka, yule Mreno akatoa kichwa. Mtu wa neno moja. Akasema, "Mgeni wako alikungoja sana. Nilimwambia uko kazini. Akasema atakaa kidogo. Alikaa hapo kwenye ngazi mpaka nikamtolea kiti."

Mgeni wako. Mama, nimeyarudia maneno hayo kimyakimya tangu jana. Miaka mitatu, na mtu akabisha hodi mlangoni kwangu si kwa ajili ya mita, akanikosa, akaketi kuningoja kama watu wanavyongoja. Na mimi sikuwepo. Nilikuwa nawalisha uji wazee wa wengine. Sijui nilie kwa sababu amekuja au kwa sababu hakunikuta, nimelia kwa yote mawili.

Jamu yenyewe ni tamu kupita kiasi, alitia sukari yote. Nimeihamishia kwenye bakuli langu, chupa nimeiosha na kuiinamisha mezani. Jumapili baada ya ibada nitakaanga karanga, nitaijaza, nitaipeleka. Kwa sababu chupa ya watu hairudi tupu, hilo hakuna aliyenifundisha ila wewe. Nikikuta hayupo nitakaa kwenye ngazi zake nimngoje. Majirani wakiita polisi, nitawaonyesha chupa.

Nisalimie Kaka Godlisten na umwambie kitenge cha harusi yake kimepata doa la tope la Uingereza na kimekataa kutoka. Nisalimie wifi yangu, nimesikia ana ujauzito, asibebe ndoo. Shangazi Ndeshi mpe shikamoo yangu, umuulize kama ule ungo umepatikana. Mama Anaeli jirani yetu mwambie namkumbuka kila nikifungua kabati. Na mchungaji wetu mwambie naomba aniombee, asitaje sababu mbele ya watu.

Sasa jibu la swali lako. Nimelizunguka kurasa zote hizi kwa woga. Sijui, Mama, kama Maureen angeniletea uji. Ni mzee, na sidhani kama anaujua. Siwezi kukuapia kwamba yupo. Ninachoweza kukwambia ni kwamba leo mezani kwangu pana chombo ambacho si changu, na nimeona ningekuwa mtovu wa adabu kuondoka nchini na chupa ya mtu. Kwa hiyo Desemba nitakuja, Mungu akipenda, na huyo jogoo aanze kujiandaa. Lakini kile chumba cha nyuma usininyime ruhusa ya kukiacha tena, na chokaa yako nisamehe. Nimejaribu kulitafutia hili neno jingine usiku kucha sikulipata, na najua litakuuma, maana limeniuma mimi kwanza nilipoliandika. Nitakuja kutembea, Mama. Sukari nitabeba.

Ni mimi mwanao, niliye mbali nawe,

Aikande